Mtani wa Guledi

Mambo ya utani kwao Siwema hayana mzaha, ingawa ukiyatazama kwa nje utaona mzaha mtupu. Mtu akifa, watani ndio wanaokuja kukiharibu kilio. Wanaingia na kelele, wanavaa nguo za marehemu, wanaiga alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikoroma, wanaficha masufuria, wanampaka mfiwa unga usoni, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Siku ya kuondoa matanga, mtani ndiye anayeshika ufagio akafagia ua, na ndiye anayeuzima moto uliowashwa siku ya kwanza. Kabla hajafanya hivyo hakuna anayenyoa, hakuna anayefungua duka, hakuna anayelala kitandani. Mnakaa tu.

Na nyumbani kwa Siwema, hapa Palma, kusini ya mto Ruvuma, mtaa wa chini unaotazama ghuba ya Tungue, walikuwa wamekaa tu. Siku ya kuondoa matanga ilishapita, hitima ilishasomwa, sheikh alishakula akaenda zake, na ua ulikuwa bado umejaa majivu na maganda ya ndizi. Aliyefariki alikuwa baba wa mumewe Guledi, mzee ambaye Siwema hakuwahi kumwona ila kwenye simu, uso umekaribia mno kioo hata unaona pua na ndevu peke yake. Alifia kwao Hargeisa na alizikwa huko huko. Taarifa ilikuja kwa sauti ya dada yake Guledi, analia katika lugha ambayo Siwema haielewi, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Hapa waliswali swala ya ghaibu, wakatandika mikeka, wakawasha moto, kwa kuwa Guledi alikuwa mume wa nyumba ile na msiba wake ulikuwa msiba wao.

Aliyeleta balaa ni Guledi mwenyewe. Aiuba, mjomba wake Siwema, alikuwa ameshamwita Haula aje amalize kazi. Haula ni Mmakua wa Masasi, anavusha mitumba kutoka Tanzania kuja kuuza Palma, na ndiye mtani wa nyumba ile kwa misiba yote. Alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, ufagio mkononi, mdomo umeshajaa matusi, Guledi alipoinua kichwa mkekani. Tangu msiba uingie alikuwa hajasema neno la maana.

"Haula ni mtani wenu," alisema. "Baba yangu hakuwa mtu wa kwenu. Mtani wa baba yangu nani?"

Haula alishusha ufagio. Mjomba Aiuba, ambaye anajua mila kuliko wote na anapenda ijulikane kwamba anajua, alijikuna shingo.

"Mkwe," alisema, "kwani weye si Msomali?"

Siwema alifumba macho. Alikijua kinachofuata kama anavyoijua njia ya kisimani.

"Msomali ndiyo. Lakini nchi yangu si Somalia. Nchi yangu ni Somaliland."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo, mjomba."

"Haya. Hiyo yenu ina serikali?"

"Inayo."

"Ina bandera?"

"Inayo."

"Hela yake yenyewe? Askari? Watu wanapiga kura?"

"Vyote vipo. Baba yangu alipanga foleni tangu alfajiri kuipigia kura katiba, akasimama juani na bakora yake mpaka zamu ikamfikia."

"Basi si nchi hiyo! Tatizo liko wapi?"

"Mataifa hayaitambui."

"Hawajui kama ipo?"

"Wanajua. Wanakuja, wanakunywa chai, wanapiga picha, wanaondoka. Hawaitambui."

Mjomba Aiuba aliwatazama waliokaa naye kuomba msaada, na hakuna aliyekuwa nao. Yeye mwenyewe asili yake Quionga, huko ambako babu yake alilala mtu wa Mjerumani akaamka mtu wa Mreno, na minazi ikabaki ileile na kodi ikabaki ileile. Hakuna aliyemuuliza babu anatambua nini. Kwa mjomba, nchi ni kitu kinachomjia mtu juu ya kichwa chake, na mtu anayeililia nchi miaka yote hiyo alimwona ana nafasi kubwa moyoni kuliko watu wengine.

Siwema alikuwa amepata muda zaidi wa kuelewa, na hakuwa ameelewa zaidi. Alikuwa na vipande. Alijua kwamba Guledi akiwa mtoto mdogo, ndege za vita za serikali ya Mogadishu zilipaa kutoka uwanja wa mji wao wenyewe, zikageuka, zikaupiga mji huo huo. Alijua baba yake alimbeba mgongoni kwa miguu mpaka Uhabeshi. Alijua kwamba baada ya hapo watu wake walisema basi, kila mtu na nyumba yake, wakajenga ukuta mahali ambapo, wanasema wao, ukuta ulikuwepo zamani, enzi za wakoloni. Alijua ile pasipoti yake Guledi, ambayo maofisa huipokea, huigeuzageuza, humwita mwenzao aje aione, kisha huirudisha. Asilolielewa ni moja: kitu kikishakuwepo, kinamwomba nani ruhusa ya kuwepo? Na kama kinamwomba mtu ruhusa, mbona Guledi anasema kipo? Siku moja alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Si ukubali tu kuandikwa Somalia, mume wangu, uende kwenu na urudi kama watu?" Guledi alilala sebuleni wiki nzima.

Sasa Guledi alisimama, akawatazama watu wote waliokaa mikekani, macho mekundu.

"Nimekaa kwenye misiba yenu yote," alisema. "Wamakua wanakuja kuwatukana nyie, nyie mnakwenda kuwatukana Wamakua. Kila mtu ana wa kumtukana. Mimi nakaa pembeni na kikombe cha chai. Nikasema, siku yangu ikifika nitaona. Siku imefika. Kama hapa hakuna anayejua baba yangu ni mtu wa wapi, mimi nakwenda kumwondolea matanga kwao."

Hapo Siwema alianza kuihesabu njia. Kwenda, Guledi angekwenda; kuna gari la Namoto mpakani, kuna mitumbwi ya Ruvuma, kuna mabasi ya Mtwara na ya mbele zaidi, na mtu mwenye msiba huonewa huruma njiani. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Mara ya kwanza alipoingia na pasipoti ile alikaa mahabusu mpaka nywele zikamfunika masikio. Na siku hizi, baada ya vita kuingia Palma na watu kukimbia na kurudi, askari barabarani hawataki mgeni yeyote ambaye maelezo yake ni marefu. Maelezo ya Guledi ndiyo marefu kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Akiondoka, Siwema atabaki na mtoto wao Sumaia na duka lililofungwa na mume anayepunga mkono kwenye kioo cha simu. Hakutaka. Alimpenda mtu huyu na hakutaka, basi.

Alimvuta Haula nyuma ya jiko.

"Dada Haula, nakuomba. Mfagilie tu. Mtukane baba yake kidogo, yaishe."

"Nimtukane kwa lipi?" Haula alikuwa ameshaona haya kwa ajili ya ufagio wake. "Utani hauokotwi njiani, mwanangu. Wazee wetu na wazee wenu walipigana. Wakachoka. Wakaona aibu ya kuendelea kuuana, wakasema tutukanane badala yake, na kwenye misiba tuzikane. Sasa mie na hao wa mumeo tulipigana wapi? Nikimtukana hayo ni matusi tu, nitakuwa nimemkosea."

"Kwa hiyo mtani ni yule mliyepigana naye?"

"Mliyepigana naye mkaacha."

"Wao walipigana na Mogadishu."

Haula alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa miwani iko wapi na mtu aliyeivaa. "Na Bashiru mwenye loja, lile duka la mabati, si wa Mogadishu huyo? Mtani wake si huyo hapo, kila siku wanakunywa chai pamoja! Mnalia nini?"

Mjomba Aiuba alipoelezwa alipiga makofi, akasema hilo ndilo lililokuwa ulimini mwake tangu mwanzo. Na Siwema, Mungu amsamehe, aliona limekaa sawa. Lilikuwa jambo dogo: shemeji Bashiru aje, aseme maneno mawili matatu ya kuchekesha, afagie. Shemeji Bashiru asingekataa. Vita vilipoingia Palma, familia hizi mbili zilikimbia pamoja porini kuelekea Quionga, na Bashiru ndiye aliyembeba Sumaia, wakati huo mchanga kabisa, amemfunga kifuani kwa kilemba chake, akimziba mdomo kwa kidole kilichochovywa sukari asilie. Mtu wa namna hiyo utamwomba ufagio akunyime?

Walimkuta lojani, kwenye barabara ya kwenda Afungi, anampimia fundi misumari. Loja ilikuwa imejaa. Kambi ya gesi ya huko Afungi ikianza kujenga, Palma nzima hujenga. Alipowaona aliacha mzani, akamwamkia mjomba Aiuba kwa mikono miwili, akaagiza viti. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Alikuwa amemlilia mzee wa Guledi, mtu asiyemjua ila kwa simu.

Mjomba alieleza kwa furaha, kwa kirefu, tangu asili ya utani. Kadiri alivyoeleza, Bashiru alizidi kuuangalia mzani.

"Mjomba," alisema mwishowe, "ndugu anaweza kuwa mtani wa ndugu yake? Kumfagilia?"

"Haiwezekani. Ndugu ni mfiwa, anakaa mkekani. Mtani ni mtu wa watu wengine."

"Watu wengine."

"Ehee."

"Kwa hiyo mmekuja dukani kwangu kuniomba niseme kwamba Guledi ni mtu wa watu wengine."

Mjomba alivuta kiti chake nyuma. 

"Bandera yetu ina nyota," Bashiru alisema. "Nyota ina ncha tano. Kila ncha ni nchi moja ya Wasomali, na moja ni ya kwao Guledi. Mama yangu alinifundisha kuichora mchangani kabla sijajua kuandika jina langu. Kila siku nakunywa chai na Guledi, kila siku ananiambia hiyo ncha alishaondoka nayo, na kila siku namwambia kunywa chai yako. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Nikisema sisi ni watu wawili, nimekwisha. Nikirudi kwetu nitasema nini? Mnataka niikate nchi yangu kwa ufagio?"

"Shemeji, ni desturi tu," alisema Siwema.

"Shemeji, hakuna kitu kinachoitwa desturi tu."

Walirudi nyumbani. Siwema alikuwa amechanganyikiwa kupita kiasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake siku zote: Guledi akizungumza, Guledi ana haki, Bashiru akizungumza, Bashiru ana haki, na wote wawili wakizungumza hulia. Angetamani mmoja wao awe mwongo kidogo, amrahisishie kazi.

Guledi alisikiliza habari hizo akiwa amesimama. Hakushangaa. Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani, akatoa mkoba, akaanza kukunja mashati.

"Kesho baada ya alasiri," alisema, "gari la Namoto."

"Una mtoto hapa," Siwema alisema.

"Najua."

"Una mke hapa."

"Najua, Siwema."

"Unajua, unajua! Kama wale wanaokunywa chai kwenu wakaondoka!" Alisema hivyo akatoka mbio asije akasema zaidi, akaenda kusonga ugali ambao hakuna aliyeuhitaji.

Siku ya pili, mchana, wanawake walikuwa jikoni. Siwema alikuwa anapika wali wa kwao Guledi, wenye zabibu na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu ya kulia pembeni, alivyofundishwa na mkwewe wa kike kwa simu. Alisema moyoni, kama ni chakula cha mwisho basi kiwe hiki. Ndipo aliposikia baraza limenyamaza, akachungulia.

Bashiru alikuwa ameingia uani. Alivaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Aliwaamkia wazee, lakini hakukaa na wageni. Alivua viatu, akauvuka ule moto, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mfiwa, akakaa pale bega kwa bega na Guledi, akainamisha kichwa.

"Nimefiwa na baba," alisema.

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa alichokifanya. Mjomba Aiuba alimwinamia Siwema sikioni: "Sasa huyu mfiwa au mtani?" Siwema alikuwa anauangalia uso wa Guledi, na uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Ondoka kwenye mkeka wangu," Guledi alisema.

"Mkeka wetu."

"Wangu. Wageni wanakaa kule."

"Mimi si mgeni kwenye msiba wa mzee. Nimemlilia jana, nimemlilia juzi. Msiba huu ni wangu kama ulivyo wako."

"Ulimlilia. Ahsante. Mungu akulipe. Toka."

Kawaida watu hawa hugombana kwa Kisomali. Siku hiyo waligombana kwa Kiswahili, labda kwa kuwa kila mmoja alitaka watu wasikie.

"Nitatoka vipi kwenye nyumba ya baba yangu?" Bashiru alipandisha sauti. "Tumbo moja, lugha moja, dini moja, ngamia mmoja! Nani kakwambia sisi ni wawili?"

"Ndege ziliniambia! Nilikuwa mgongoni mwa huyu mzee ndege zilipokuja. Rubani hakuuliza lugha!"

"Na mimi nilikuwa mtoto! Nilimtuma mimi? Mji wangu nao haukwisha? Nyumba yetu haikuwa kifusi?"

"Mji wenu ulikwisha kwa kuwa hamjui kukaa!" Guledi sasa alikuwa amesimama. "Mna serikali inayotambuliwa na dunia nzima, isipokuwa na mtaa wa pili! Rais wenu akitaka kwenda sokoni anaomba visa!"

Mtu mmoja barazani alicheka, akajizuia. Bashiru naye alisimama. Kofia ilimwanguka na hakuiokota.

"Na nyie? Na nyie je? Mmekaa mlangoni kwa watu miaka yote hiyo mmevaa nguo za harusi, harusi hamkualikwa! Hela zenu mnazisukuma kwa toroli kwenda kununua nyanya! Mbuzi wenu wanapanda meli kwenda Saudia na karatasi zao safi, wanapokelewa, wanakaguliwa meno, wanatambuliwa, na wenye mbuzi mnabaki ufukweni mnapunga mikono! Nchi gani hiyo, mbuzi wanasafiri, watu hawasafiri? Nchi yenu ni nchi ya mbuzi!"

Guledi aliganda.

"Umesema nini?"

"Nimesema nchi yenu ni nchi ya mbu—"

Bashiru alisikia alichokisema. Siwema aliona alivyokisikia. Kilimfika machoni kwanza, kisha mabegani. Na kabla hajapata nafasi ya kulimeza neno lake, kule jikoni Haula alipasua kigelegele ambacho watu wa Quionga nao huenda walikisikia. Alitoka mbio na bakuli la unga, akampaka Guledi uso mzima, akamgeukia Bashiru akamtia ufagio mkononi.

"Ndiyo mtani huyo!" alipiga kelele. "Ndiyo kutukana huko! Miaka yote mmetuficha, kumbe mnajua! Fagia, mtani, fagia!"

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele. Mjomba Aiuba alisema kwa sauti kwamba utani umepita, yeye ni shahidi. Kati ya watu wote wale hakuna aliyekuwa na hakika kama walichokiona ni utani au ni ugomvi wa kweli, lakini ua ulikuwa mchafu na watu walikuwa wamechoka, na kigelegele kikishapigwa hakirudishwi.

Bashiru alisimama katikati ya ua na ufagio ule wa njukuti za mnazi. Angeweza kuutupa. Hakuna ambaye angemlaumu. Angevaa viatu vyake akaenda lojani kwake, na nyota yake ingebaki na ncha zote tano. Siwema aliomba Mungu, na hakujua anaomba nini hasa. Alitaka mumewe abaki. Lakini alimwona mtu aliyembeba mtoto wake kifuani porini, amesimama peke yake na kitu kile mkononi, na akaona wanamfanyia jambo kubwa kuliko walivyodhani.

Ndipo Guledi alipocheka. Unga ulikuwa umemjaa kwenye kope. Alicheka kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ile simu ilipokuja. Alikaa chini mkekani akamlilia baba yake kama mtoto, kwa sauti, na bila aibu.

Bashiru alikunja mikono ya kanzu. Kisha akainama akafagia.

Alifagia vibaya. Vumbi lote alilipeleka kwa wageni, na Haula alimwambia watu wa Mogadishu mpaka ufagio unawashinda, haishangazi na serikali. Alimwaga maji juu ya moto. Halafu, bila kuambiwa na mtu, alichukua simu yake akaiweka mbele ya mdomo badala ya sikioni, akapiga kelele kwa sauti ya kizee: "Guledi! Umekula? Umekula nini? Samaki tena? Wewe ni paka?" Alimpatia kabisa. Hivyo ndivyo mzee alivyozungumza na simu kila Ijumaa, mtaa mzima ulimfahamu kwa hilo. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na Guledi alicheka akilia, na Sumaia akauliza babu yuko wapi.

Chakula kilipopakuliwa Guledi alikula. Baada ya alasiri gari la Namoto lilipiga honi nje ya ua.

"Mwambie aende," Guledi alisema.

Siwema alikuwa bado na mwiko mkononi. "Huendi?"

"Nitakwendaje? Mama yake Bashiru ni mzee, yuko Mogadishu na sukari imempanda. Bashiru akifiwa, nani atamfagilia? Mtani wake ni mimi. Siwezi kuwa sipo."

Siwema alisimama akiyapima maneno hayo. Mke yupo, mtoto yupo, na kilichomzuia mumewe kuondoka ni sukari ya mama wa watu. Alitaka kukasirika na alitaka kumkumbatia, hakuamua. Alitoka nje akamwambia dereva aende zake.

Aliporudi aliona kwamba Bashiru hakula. Alikuwa ameondoka wakati watu wanacheka, na kofia yake bado iko mkekani. Siwema alijaza sahani, akaweka nyama ya mtani, iliyo nono, akaweka na ndizi, akaenda nayo lojani.

Loja ilikuwa imefungwa nusu. Bashiru alikuwa ameketi ndani juu ya ndoo ya rangi, mikono magotini. Alipokea sahani, akala matonge machache bila kuinua macho.

"Shemeji," alisema, "leo nimempoteza ndugu au nimempata?"

Siwema alitafuta la kumjibu. Alifikiria ndege, foleni ya kura, nyota mchangani, unga kwenye kope za mumewe.

"Sijui, shemeji," alisema. "Haki ya Mungu sijui."

"Hata mimi." Alikula mpaka sahani ikaisha, akaifuta kwa kidole, akamrudishia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mwambie Guledi," alisema, kisha akasita, akakohoa. "Mwambie chakula cha nchi yake hakina chumvi."

Siwema alisimama mlangoni na sahani tupu. Chumvi ilikuwa imetosha. Alikuwa ameionja mwenyewe.